Mapigo ya Moyo Katika Chumba cha Kuonjea Kahawa

Saa niliyopewa siku ya kuagwa haina mshale wa sekunde. Ni saa nzuri ya ukutani, ina picha ya mlima, na mume wangu anaipenda kuliko ninavyoipenda mimi. Lakini nimekaa zahanati ya kiwanda cha kahawa tangu mwaka uliofuata Uhuru hadi juzi, nikihesabu mapigo ya moyo ya watu, na waliotumwa kuninunulia zawadi hawakukumbuka kwamba chombo changu kikuu kilikuwa ule mshale mwembamba tu. Nimewasamehe. Ila kwa kuwa ninyi wauguzi mliobaki mmeniomba niandike niliyoyaona, naanza na hilo: uwe na saa yenye mshale wa sekunde, na usimwazime mtu wa michezo.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipandishwa nilipopandishwa, na mshahara mnaujua kwa sababu na ninyi mnaupokea. Nitaandika habari za kazi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na dresa mzee aliyeitwa Elifasi. Alijifunza kufunga vidonda jeshini, wakati wa vita vya Wazungu, na tangu arudi hakuheshimu sana kidonda chochote kilichopatikana nje ya vita. Mtu akija amekatwa na bati alimwangalia kwa huruma ya mbali, akampaka dawa, akamwambia arudi kazini kabla bati halijapoa. Mimi nilitoka chuoni na sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na vitabu viwili kwapani. Mzee Elifasi alivichukua vile vitabu, akaviweka chini ya mguu mfupi wa meza ya dawa, na meza ikaacha kutikisika. Viko pale mpaka leo, msiviondoe.

Halafu akaniketisha, akanishika kifundo cha mkono.

“Vidole vitatu, binti,” alisema. “Gumba liache. Gumba lina mapigo yake lenyewe. Ukimpima mtu kwa gumba utajihesabu wewe, halafu utampa yeye dawa yako.”

Alinifundisha pia kuwapanga wagonjwa. Benchi letu lilitazama ukuta mtupu, na kumbe aliligeuza makusudi. Mwanzoni lilitazama uwanja wa malori, na watu walikuja kuumwa ili waangalie malori. Baada ya kuligeuza, aliyekuwa mzima alichoka kutazama ukuta akaondoka mwenyewe, na aliyebaki ndiye mgonjwa. Sijapata kipimo kizuri kuliko hicho. Tuliobaki nao walikuwa wabeba magunia wenye migongo, akina mama wa kuchambua kahawa wenye macho mekundu, na kila Jumatatu wanaume fulani wenye vichwa, ambao kata za mbege, pombe yetu ya ndizi, ziliwajua vizuri kila Jumapili.

Mahali pamoja tu sikupazoea kwa miaka mingi, napo ni chumba cha kuonjea. Mlikuta mambo yamelegea kidogo. Enzi zile kilitawaliwa na Mzee Mfinanga, Mpare mwembamba asiyekula kitunguu wala kuongea bila sababu, akihifadhi ulimi wake. Mara ya kwanza nilipochungulia alinusa hewa akasema neno moja tu, “Spiriti,” na mlango ukafungwa. Kwa hiyo kilichofanyika ndani nilikijua kwa kusimuliwa. Kulikuwa na meza ndefu, vibakuli vyeupe vimepangwa, kila kibakuli kina kahawa ya kijiji chake na jina lake pembeni: Kilema, Kibosho, Uru, Mwika. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huifyonza kwa kelele kama anayeita ng’ombe, huizungusha mdomoni, kisha huitema kwenye ndoo ndefu ya kutemea. Asiyemeza ndiye mwonjaji. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yao, na imeandikwa ukutani.

Mjue pia, ninyi mliozaliwa mijini, kwamba kwetu mlimani kahawa ilikuwa mti. Haikuwa kinywaji. Tuliipalilia, tuliichuma, tuliimenya, tuliianika, tuliibeba kichwani hadi chama cha msingi, kisha tukarudi nyumbani kunywa chai. Mama yangu alilima kahawa maisha yake yote, na siku mgeni mmoja alipomwomba kikombe cha kahawa alimtazama kama ameombwa kikombe cha mbao.

Basi miaka ikaenda, Azimio likaja, tukawa ndugu wote, na kiwandani tukaletewa Ndugu Maganga. Alitoka Tabora, alikuwa mwalimu zamani, na kazi yake ilikuwa michezo na afya ya wafanyakazi. Alikuwa na filimbi shingoni na kifua cha mtu anayetaka ionekane. Alisema taifa haliwezi kujengwa na watu wanaohema kwenye ngazi. Akaanzisha mchakamchaka. Asubuhi malori yalikuwa mengi, kwa hiyo tulikimbia alasiri baada ya kengele ya kutoka: kupitia lango kubwa, kushuka mpaka relini, kugeuza, kurudi tukiimba. Wahasibu, makarani, akina mama wa kuchambua, wote. Mimi nilikimbia na mkoba wa huduma ya kwanza, jambo lililonipa sababu ya kuwa wa mwisho. Lengo la Ndugu Maganga lilikuwa kuwashinda watu wa kiwanda cha sukari cha kule tambarare, ambao walitushinda mbio kila mwaka na kisha kutupa pole kwa sauti kubwa.

Hapo ndipo alipoingia Aloyce.

Aloyce alikuwa kijana wa Kilema, mtoto wa mjane, mpole, wa kuinamisha kichwa akisalimia. Mzee Mfinanga alimtoa kwenye mkanda wa kuchambua baada ya kugundua kwamba anaweza kunusa gunia na kusema limetoka kijiji gani. Hakuwa na miezi mingi katika chumba cha kuonjea alipokuwa gumzo la mchakamchaka. Wenzake walipofika relini wakishika mbavu, yeye alikuwa ameshageuza, anarudi, na anawauliza njiani kwa nini wanachelewa. Alikimbia akiongea. Alikimbia akiimba ubeti ambao wengine hawajaufikia. Ndugu Maganga alimtazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe asije akakidai.

Aliyemtazama kwa jicho lingine ni mlinzi wa lango kubwa, Mzee Mallya wa Kibosho. Huyu alikuwa na binti, Anjelina, mwalimu wa shule ya msingi, na watu wa Aloyce walikuwa wameshatuma mshenga. Mbege ya kubisha hodi ilikuwa imepelekwa na kunywewa. Jibu ndilo lilikuwa bado. Lango la Mzee Mallya linatazamana na dirisha la chumba cha kuonjea, kwa hiyo kila siku, toka asubuhi mpaka kengele, mkwe mtarajiwa alikaa akimtazama mkwe mtarajiwa.

Siku moja akaingia zahanati. Hakukaa kwenye benchi, alikuja moja kwa moja mezani na rungu lake. Nilimpa shikamoo, akaitikia.

“Sista, yule kijana anatoka jasho amekaa,” alisema. “Nimemwona kwa dirisha. Ameshika kijiko, kijiko kinatetemeka. Mtu anatetemeshwa na kijiko, akishika jembe je? Na amekonda. Alipoletwa kwangu alikuwa na mashavu.”

Nikamwambia wakimbiaji hukonda.

“Mimi mwanangu simtoi akawe mjane kabla hajajua jiko la mama mkwe wake liko wapi. Mshenga anarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wewe ndiye mtu wa mioyo. Ukisema moyo wake ni mzima, nitapokea mbege yao. Ukisema mbovu, nitawarudishia kibuyu.”

Akaondoka. Niliwahi kuulizwa mambo mengi katika kazi ile, lakini kuulizwa niseme ndiyo au hapana kwa niaba ya Kibosho nzima ilikuwa mara ya kwanza. Niliogopa, nasema wazi. Anjelina nilimjua, alikuwa akija langoni kumletea baba yake chakula, na alikuwa anapita njia ndefu ya upande wa dirisha lile bila sababu yoyote ya kijiografia.

Nikamwita Aloyce. Ilikuwa alasiri. Nikaweka vidole vitatu, nikatazama mshale, na nikadhani saa imeharibika. Moyo wa kijana yule ulikuwa unakwenda kama bado yuko relini, naye ameketi ametulia, mikono magotini. Nikamuuliza usingizi. Akasema haupati, analala macho yakiwa wazi akihesabu mabati. Nikamuuliza chakula. Akasema mchana hasikii njaa. Nikamuuliza Jumapili yukoje. Akasema Jumapili ndiyo mbaya kuliko zote, kichwa kinampasuka kanisani, na padri akianza mahubiri yeye ameshasinzia.

Kichwa, kwetu, ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Nikampa klorokwini. Badala ya kukunja uso kama binadamu, alikizungusha kidonge mdomoni, akafikiri, akaniambia kina uchungu safi lakini hakina mwili, na mwishoni kinaacha ladha ya gunia lililolowa. Malaria haikuwapo. Nikampeleka hospitali ya mkoa Jumatatu asubuhi na mapema, kabla ya kazi. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema moyo ni wa kuringia, akamrudisha kiwandani. Alasiri ile ile nikampima tena, na moyo ukawa umerudia mbio zake.

Nilimpelekea Mzee Mallya habari za daktari. Akasikiliza, akauliza kama daktari alimpima akiwa na kijiko mkononi. Nikasema hapana. Akasema basi daktari amempima mtu mwingine.

Nami niliona ana hoja. Hospitalini mzima, kiwandani mgonjwa. Jumapili, mbali na kiwanda, kichwa na usingizi. Kitu kilikuwa ndani ya chumba kile. Basi siku yangu ya mapumziko nikaoga kwa maji matupu bila sabuni, nikavaa gauni lililoanikwa juani, nikaenda kugonga mlango wa Mzee Mfinanga. Alininusa kushoto, akaninusa kulia, akanipa kiti pembeni.

Walikuwa watatu mezani. Mzee Mfinanga akafyonza, akatema. Wa pili akafyonza, akatema. Aloyce akafyonza kwa adabu, kwa sauti ndogo, akaenda kwenye ndoo, akainama vizuri kabisa, akatoa sauti ya kutema, akajifuta mdomo kwa kitambaa. Na koo lake likapanda na kushuka.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikasogeza kiti. Kibakuli cha pili, vile vile: ndoo, kuinama, sauti, kitambaa, na koo likapanda, likashuka. Alikuwa akimeza kila kijiko cha meza ile, asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana, kila siku ya kazi, na kilichokuwa kikiingia ndooni ni sauti tu.

Nilimsubiri ukumbini. Alipoona uso wangu hakuzunguka.

“Sista, umeniona,” alisema.

“Nimekuona. Kwa nini?”

Akatazama viatu vyake. “Siku ya kwanza nilipopewa kijiko, kahawa ilikuwa ya Kibosho. Nikainua macho, baba yake Anjelina yuko langoni ananitazama. Sista, nitatemaje kahawa ya Kibosho mbele yake? Kwetu ukipewa kata ya mbege ukatema, umemwambia mwenye nyumba ameweka sumu.”

Nikamwambia ile ni kazi, si kata.

“Nilijua. Basi nikameza hiyo moja tu. Halafu ikaja ya Kilema. Nikafikiri, nimemeza ya wakwe, sasa niteme ya mama yangu? Nikameza. Ikaja ya Uru, na shangazi yangu ameolewa Uru.”

Mtoto wa watu alikuwa na ndugu mlima mzima. Akaniomba nisimwambie Mzee Mallya sababu, maana ingeonekana anamsingizia mzee wa watu ugonjwa wake. Nikaahidi kusema yaliyo ya kitabibu tu. Kisha nikamtoa chumbani kwa siku kadhaa nikamrudisha kwenye mkanda wa kuchambua, jambo ambalo Mzee Mfinanga alilipokea kwa kuongea sentensi nzima. Alisema ulimi kama ule hauoti kila mwaka, na nisipomrejesha nitakuja kuonja mimi na spiriti yangu.

Hapa niwape maelezo, maana ndiyo sababu ya kuandika. Ndani ya kahawa kuna kitu kinaitwa kafeini. Kinauamsha mwili na, kwa mtu anayekunywa nyingi au asiyeizoea, kinauharakisha moyo hata akiwa amekaa, kinamnyima usingizi, kinamtetemesha vidole, na kwa wengine kinazima njaa. Aliyezoea akinyimwa ghafla huumwa kichwa na kusinzia, kama Aloyce Jumapili. Kumnyima kukaleta kichwa kwa siku chache, kisha kikaisha, na moyo ukatulia ukawa ule alioukuta daktari.

Nilimweleza hivyo Mzee Mallya. Aliniacha nimalize, akaegemea rungu.

“Sista, mimi nimeipalilia kahawa toka sijaota ndevu,” alisema. “Haijawahi kunishtua hata siku moja.”

“Umewahi kuinywa, Mzee?”

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Ya nini?”

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba mazungumzo yale yalifanyika karibu na Ndugu Maganga. Alisikia kahawa, moyo na mbio katika sentensi moja, na filimbi ikaingia mdomoni yenyewe. Alisema tufanye jaribio la kisayansi. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mshenga, nusu ya wafanyakazi wanywe kahawa na nusu wasinywe, wote wakimbie, mapigo yapimwe kabla na baada. Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea kwamba kahawa huyeyusha mafuta ya mwili. Ijumaa ile Ndugu Mushi wa uhasibu, aliyekuwa mnene wa kutosha watu wawili, alikuja na kikombe chake mwenyewe, akanywa, akavuta kiti kivulini, akakaa akisubiri kupungua.

Mzee Mfinanga alichemsha kahawa nzuri ya Kibosho kwenye sufuria la uji. Mzee Mallya, nilipomwomba, alikubali kunywa ili anioneshe kwamba nasema uongo. Alipiga funda, akakunja uso, akauliza kama hicho ndicho kinachowatoa Wazungu kwao. Lakini aliposikia ni ya Kibosho hakuweza kuacha hata tone, na Mzee Mfinanga, kwa ubaya wake, akawa anamwongezea. Ndugu Maganga naye alikunywa vikombe kadhaa ili kuwa mfano.

Aloyce hakunywa.

Ndugu Maganga aliniomba saa apime yeye, maana ni jaribio lake. Nikampa. Alipita kwenye mstari akimshika kila mtu mkono, midomo ikihesabu, jasho likimtoka, na uso ukazidi kuingia wasiwasi. Waliokunywa, moyo mbio. Wasiokunywa, mbio vile vile. Ndugu Mushi kivulini, mbio. Mama mfagiaji aliyekuwa ameegemea ukuta anakula muwa, mbio hizo hizo. Akanijia kwa sauti ya chini akasema kiwanda kizima kina ugonjwa wa moyo na inabidi tufunge.

Nikatazama mkono wake. Alikuwa anapima kwa gumba.

Mzee Elifasi alikuwa ameshafariki miaka mingi, Mungu amlaze, lakini nilimsikia akicheka. Ndugu Maganga alikuwa amezunguka uwanja mzima akijihesabu mwenyewe na vikombe vyake. Nikachukua saa yangu, nikapima upya kwa vidole vitatu, nikawaacha wakimbie.

Yaliyoonekana ni haya. Wakiwa wamekaa, waliokunywa mioyo yao ilitangulia ya wenzao kidogo, hasa wale ambao kahawa ilikuwa ngeni kwao. Walipokimbia mpaka relini na kurudi, mioyo yote ilikwenda mbio na tofauti ikawa ndogo kiasi cha kutafuta kwa tochi, maana mbio zenyewe zinauamsha moyo kuliko kikombe chochote. Waliokunywa walisema tu kwamba mlima wa kurudi ulikuwa umepungua. Kuhusu mafuta, ni kweli mwili wenye kahawa huunguza zaidi kidogo, lakini kidogo hicho ndizi choma moja inakirudisha na chenji inabaki. Ndugu Mushi alipimwa kwenye mizani ya magunia jioni ile na hakuwa amepungua kitu, ila alikuwa amekosa subira.

Sasa, Mzee Mallya hakutakiwa kukimbia. Kazi yake ilikuwa kufungua lango. Alilifungua, kundi likapita, naye akasimama kidogo akitikisa goti. Halafu akakimbia. Alikimbia na sare yake, na viatu vya ulinzi, na rungu begani. Aliwapita akina mama wa kuchambua, akawapita makarani, akafika relini akiongea, akageuza akiongea, na njiani akawapigia saluti malori ambayo hayakuwa ya kwetu. Alirudi wa tatu. Hata baada ya kukaa alikuwa anasimama.

Nikamketisha karibu na Aloyce. Tulisubiri pumzi zirudi. Kisha nikauchukua mkono wa mzee nikauweka kifuani pake mwenyewe.

Akasikiliza. Macho yakatoka. “Sista, huyu ni nani humu ndani?”

Nikauhamishia mkono ule kifuani pa Aloyce. Palikuwa pametulia kabisa, tena baada ya kukimbia njia ile ile. Mzee akarudi kwake, akaenda tena kwa kijana, akarudi kwake. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

“Nimekuwa yeye,” akasema.

“Na yeye ni mzima, Mzee. Hilo ndilo jibu langu.”

Nilijua swali litakalofuata kwa sababu hata mimi ningeliuliza. Alisema sheria ya kutema imeandikwa ukutani, yeye mwenyewe ameiona kwa dirisha. Kwa nini kijana mwenye akili zake ameze kitu kama kile, kila siku, mpaka akonde?

Nilitimiza ahadi yangu nikanyamaza. Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Aloyce akainamisha kichwa.

“Baba, ilikuwa ya Kibosho,” alisema. “Nawe ulikuwa unanitazama.”

Mzee Mallya akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha kuonjea, akaliacha rungu mlangoni kama anayeingia kanisani. Tulimfuata wote, na Mzee Mfinanga kwa mara ya kwanza hakumnusa mtu. Mzee akakitafuta mezani kibakuli chenye jina la Kibosho, akachota kijiko, akafyonza kwa kelele iliyotikisa vibakuli, akaenda kwenye ndoo, akainama, akatema. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni ndipo ampe, ili mgeni ajue ni salama. Sikuwahi kuona mwenye kahawa akitema kwanza.

“Nimetema ya nyumbani kwangu,” alimwambia. “Na wewe tema.”

Aloyce akachota, akafyonza, akatema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutema kwelikweli, hakuwa na shabaha, na Ndugu Maganga alikwenda nyumbani na kiatu kimoja kilicholowa. Lakini tulipiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nilijikuta nalia kidogo, jambo nililolisingizia moshi wa sufuria. Aloyce alipofikia kibakuli cha Kilema alisita, akamtazama mzee. Mzee akasema ya mama yako kaombe ruhusa mwenyewe. Akaenda Jumapili. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa anajua kwamba huwa inanywewa. Mzee Mfinanga alituambia kwamba kama kila kijiji kitaombwa ruhusa, msimu utaisha kahawa ikiwa ghalani, hivyo Uru na Mwika zikatemwa bila idhini.

Watu wa sukari walitushinda tena mwaka ule. Aloyce bila kahawa alikuwa mkimbiaji wa kawaida, na Mzee Mallya alisema yeye hawezi kushiriki kwa sababu ya zamu. Mzee Mfinanga alistaafu baadaye, na ndiyo maana leo anayewafukuza ninyi mkinuka spiriti ni Aloyce. Mashavu yake mnayaona. Msimchukie, amefundishwa hivyo.

Mshenga alikuja Jumamosi ile na akapewa jibu, na harusi ikafanyika Kibosho baada ya mavuno. Nilikaa mstari wa mbele, pamoja na shangazi wa Uru. Ukafika wakati wa kata. Mzee Mallya akaipokea, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, akampa mkwewe. Aloyce akaipokea kwa mikono miwili, akainama kwa adabu, akafyonza. Ikatoka ile sauti ya kazini, ya kuita ng’ombe. Akaizungusha mbege mdomoni, shavu la kulia, shavu la kushoto, amefumba macho, anaitafuta ndizi yake ilikomaa wapi. Kisha akafumbua macho na kuanza kutazama chini, huku na huku, akitafuta ndoo.

Anjelina akashika shela. Mzee Mallya akamsogelea mkwewe, akamwekea mkono begani.

“Hii imeze, mwanangu,” akamwambia.

Aloyce akameza.